Miswada ya Kiswahili katika Maktaba Mbili

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia ya kwamba tungo za kale za pwani zimewekwa katika maktaba za vyuo vikuu. Ni wachache waliouliza zimewekwa namna gani, na kwa faida ya nani. Twapenda kulipima jambo hili kwa kutazama maktaba ya Chuo cha Masomo ya Mashariki na Afrika, London, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hazina ya London ni kubwa. Zimo karatasi za W. E. Taylor, mmisionari wa C.M.S. aliyekaa Mombasa, na za Alice Werner, aliyefundisha Kiswahili chuoni humo, na za William Hichens. Katika karatasi za Taylor mna mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Lakini Taylor hakuifanya kazi ile peke yake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyemsaidia kuyakusanya na kumfasiria maneno magumu. Hali kadhalika Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na fundi wa nakshi, aliyefariki mwaka 1945, alinakili kwa mkono wake tendi nyingi kwa ajili ya Werner na Hichens. Pamoja na hayo, mafungu yaitwa kwa majina ya waliopokea, wala si ya walioandika. Amtafutaye Kijuma hana budi kwanza kumjua Hichens. Ni kweli kwamba katika orodha iliyotengenezwa baadaye wanakili hutajwa mahali wanapojulikana, nayo ni kazi njema. Ila jina lililo mlangoni ndilo mgeni alionalo kwanza.

Miswada kadhaa ya London imepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, hata mwalimu aliye Lamu aweza kuitazama bila kusafiri. Je, ataisoma? Hapa ndipo penye shida. Miswada hii imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wengi wetu tulifundishwa herufi za Kirumi tu. Hata ajuaye herufi hukwama, kwa maana katika uandishi wa zamani alama moja yaweza kuwa *i* au *e*, nyingine *u* au *o*, na herufi *ba* hutumika kwa *b*, *p* na *mb*. Neno moja lililoandikwa laweza kusomwa *bata*, au *pata*, au *mbata*. Mwenye kujua utungo hasumbuki, kwani ameusikia tangu utotoni, asiyeusikia atakisia. Kwa hiyo picha ya karatasi, ijapokuwa safi, ni nusu ya utungo.

Kwa sababu hii twaona ya kuwa J. W. T. Allen alikuwa na busara kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 alikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam, na pamoja na karatasi zikawekwa kanda za sauti. Kusikia mtu wa pwani akisoma utendi kwa mahadhi yake kwafaa kuliko kurasa nyingi za maelezo. Lakini orodha ya mkusanyo huo ilipigwa chapa Leiden mwaka 1970, tena kwa Kiingereza! Mzee aliyekubali mswada wa babu yake utazamwe hawezi kusoma yaliyoandikwa juu yake.

Tungependa picha za London na kanda za Dar es Salaam ziwekwe mahali pamoja, kila utendi na sauti yake ikiwapo, na maelezo yawe kwa Kiswahili. Kazi hiyo ianze kwa kanda, kwa kuwa utepe huharibika upesi kuliko karatasi, na wasomaji waliojifunza tendi hizo kwa kusikia wanazidi kupungua.