Fundi Anayeuliza Kabla ya Kufungua

Mashine iliyokufa moja kwa moja haimsumbui sana fundi, maana kosa lake limekaa pale pale, halihami. Kazi ngumu ni kompyuta ya mezani inayojizima na kurudi. Asubuhi nzima inafanya kazi vizuri, jioni inazima mtoto akiwa katikati ya kazi ya shule. Ikipakiwa kwenye bajaji na kufikishwa kwa fundi, inawaka bila shida yoyote na kutulia mezani kana kwamba imesingiziwa. Ugonjwa huu ndio unaomtenga fundi wa kweli na mbadilisha vifaa, na mafundi wa kweli wanazidi kuadimika mjini.

Mmoja wao anafanyia kazi kibandani Kariakoo, Dar es Salaam. Ni mzee wa redio. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata katazo lilipolegezwa, zilichukua miaka mingi kufika majumbani. Zilipoanza kuja kwa wingi, nyingi zikiwa mtumba, yeye alikuwa tayari na mkono uliozoea mita na risasi ya kuchomelea.

"Shikamoo, mzee," kijana anasalimu, sipiyu ikiwa begani.

"Marahaba, mwanangu. Kabla sijaigusa, nieleze. Inazima ghafla kama umeme umekatika, au inaganda kwanza?"

Inazima ghafla. Wakati gani? Mara nyingi mdogo wake akicheza gemu. Ikizima, inawaka hapo hapo au inagoma mpaka ipoe? Kijana hana uhakika, naye mzee hamharakishi. Anaandika kwenye daftari lenye jalada gumu: tarehe, saa, kilichokuwa kikifanyika, kama umeme wa mtaani ulikuwa ukipanda na kushuka, kama jirani alikuwa anachomelea mageti. Nusu ya kazi imekwisha na bisibisi haijaguswa. Mashine inayozima ghafla ikipewa kazi nzito humpeleka kwanza kwenye joto na pawa saplai. Ile inayoganda, ikaleta skrini ya bluu, humfanya aanze na ramu, diski au programu za kuendeshea vifaa.

Hapo ndipo anafungua. Vumbi analipulizia nje ya kibanda kwa blowa, huku kidole kimeyashika mapanga ya feni yasizunguke, kwa sababu feni ikiendeshwa na upepo wa nguvu huweza kuharibika. Ramu anazichomoa, anazisugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli (hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na huacha utando), kisha anarudisha moja tu. Moja tu! Akirudisha zote na tatizo likaisha, hatajua ni ipi iliyokuwa mbovu, wala kama ilikuwa ramu au mdomo wa soketi. Jioni anaiachia mashine programu ya Memtest86, aliyoianzisha Chris Brady mwaka 1994, iandike na kusoma kila kona ya kumbukumbu mpaka asubuhi. Mteja anayetaka mzigo wake baada ya saa moja hupata jibu la upole na kiti cha kungojea.

Pawa saplai nayo haihukumu kwa kuona feni yake inazunguka. Anaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa njano na nyingine kwenye mweusi, na anapima mashine ikiwa imebebeshwa kazi. Waya huo unatakiwa kutoa volti 12, na kipimo kinachokubalika ni kati ya 11.40 na 12.60. Pawa saplai iliyochoka huweza kuonyesha 12 kamili mashine ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka prosesa na kadi ya picha zinapodai umeme kwa pamoja. Anayepima mashine ikiwa tupu ataapa kwamba ni nzima.

Lakini mahali anapokawia kuliko pote ni kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vilivyojipanga kuzunguka prosesa. Anazima taa ya juu, anawasha tochi, anainama mpaka jicho linakuwa sambamba na madabodi. Anatafuta kichwa kimoja ambacho hakikulala bapa. Uvimbe wenyewe unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba ukitazama kutoka juu huuoni. Kazi ya kikopo hicho ni kutuliza umeme unaoingia kwenye prosesa. Kikidhoofu umeme unayumba, na kompyuta huanguka pale inapotumika sana. Ndiyo maana mwenye mali anasema inazima kwenye gemu tu.

Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita mbovu, nyingi kutoka viwanda vya Taiwan, zilienea duniani kote. Kimiminika cha ndani kilikuwa na kasoro, gesi ya haidrojeni ikajaa, vichwa vikavimba, vingine vikapasuka na kutoa ute wa kahawia. Dell OptiPlex GX270 ni kati ya mashine zilizoumia sana, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya hasara hiyo. Kompyuta nyingi za rika hilo ziliishia Afrika Mashariki. Zilizoangukia mikono ya wazee kama huyu zilivuliwa kapasita mbovu moja moja na kuvalishwa mpya, zenye volti na ujazo unaofaa na za kuhimili nyuzi 105, mstari wa upande hasi ukiangaliwa mara mbili kabla ya risasi kuyeyuka.

Siku hizi dawa ya kila ugonjwa ni kupiga Windows upya. Picha za harusi zinafutika, kazi za chuo zinafutika, na kikopo kilichovimba kimebaki pale pale. Baada ya wiki mashine inazima tena na mwenyewe anaambiwa anunue nyingine. Wengine hufungua kumbukumbu za matukio, wakaona Kernel-Power namba 41, wakauza pawa saplai mpya. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Kwa nini ilizimika, haisemi.

Watengenezaji nao wamechangia. Kwenye Windows 8 ya mwaka 2012, skrini ya bluu iliyokuwa imejaa namba za hitilafu ilikuja na kiuso cha huzuni na maneno machache. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiangusha kompyuta duniani, na lawama zikaenda kwenye magemu, kabla kampuni haijakiri tatizo la volti, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Watu waliobadilisha kifaa kimoja kimoja na kuandika walichokiona ndio waliokataa kuamini kwamba magemu yote yameharibika kwa wakati mmoja.

Mzee wa Kariakoo aliwahi kuwa na vijana wa kufundisha. Wamehamia kwenye simu, ambako kioo hubadilishwa upesi na hela ni ya siku hiyo hiyo, na hakuna wa kuwalaumu, kwani wana kodi za kulipa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Ndani ya rundo hilo zimo sipiyu ambazo ubovu wake ulikuwa kapasita mbili, au ramu iliyohitaji kusuguliwa. Madaftari ya mzee yamejaa visa vya namna hiyo, vyenye tarehe na vipimo, kwa mwandiko wa kusomeka, na mpaka sasa hakuna kijana aliyeomba kuyanakili.