Hongera Land Cruiser, hongera mafundi wa Bukavu

Toyota ilianza kuunda gari hili mwaka 1951, ikalipa jina la Land Cruiser 1954. Lakini sisi wa Bukavu tunalolienzi ni lile la mfululizo wa 70, la tangu 1984. Pita milima ya Ngomo wakati wa mvua ukielekea Uvira, tope limejaa, korongo pembeni, utaelewa. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, hupampu mafuta bila kompyuta. Ndiyo maana fundi wa mtaa wetu wa Kadutu huweza kulala juu ya katoni, akasikiliza mngurumo, akajua panapouma. Bei ya gari hili haishikiki, kweli. Ila hongera kubwa zaidi nampa fundi huyo, anayelirudisha barabarani jioni ileile.