Macho ya Mgeni na Kidole cha Kiongozi

Msomaji, nakuomba uanze kwa kuwaza jambo dogo. Wazia kwamba wageni ishirini kutoka nchi ya mbali wamefika Kitui asubuhi kwa basi, na jioni hawana budi kuwa Nairobi. Kiongozi wao awachukua moja kwa moja mpaka jiwe la Nzambani. Wanapanda ngazi za chuma, wanaitazama nchi iliyotandazwa chini yao, na kiongozi anawasimulia yale uliyoyasikia tangu utotoni, kwamba mtu akilizunguka jiwe hilo mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke hugeuka mwanamume. Wageni wanacheka, wanapiga picha, wanakula mikate yao kivulini, kisha wanaondoka. Baada ya mwaka mmoja wao anaandika kitabu cha safari, na ndani yake mna sura nzima iitwayo Kitui.

Sura hiyo itakuwa na nini? Itakuwa na jiwe, na hadithi ya jiwe, na vumbi la njiani. Kama alikuja Septemba, kabla ya mvua, atasema kwamba Wakamba wanaishi katika nchi iliyoungua. Kama alikuja Desemba, mvua ikiwa imekwisha kunyesha, atasema wanaishi katika bustani. Hatasema neno juu ya akina mama wanaofukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yatokeze, kwa kuwa basi halikusimama mtoni. Wala hatasema habari za kuta zijengwazo kukingama mito ya Kitui na Makueni ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji mahali ambapo jua haliyafikii, maana ukuta wa namna hiyo hauna cha kumvutia mpiga picha.

Ukiisoma sura hiyo utauliza, je, mtu huyu alifika Kitui kweli? Jibu ni kwamba alifika, wala hakusema uongo. Alieleza alichoonyeshwa. Likumbuke jibu hilo, kwa sababu katika insha hii nataka tulichukue tulipeleke London.

Matembezi ya watu wengi chini ya kiongozi mmoja si jambo la jana. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza mmoja, Thomas Cook, aliwakusanya watu wapatao 500 akawasafirisha kwa gari la moshi kutoka Leicester mpaka Loughborough, nauli shilingi moja kwa mtu. Biashara hiyo ilikua hata jina la Cook likajulikana Ulaya nzima, na Misri, na mbali zaidi. Faida yake ni dhahiri. Mgeni hapotei, haulizi njia, hahangaiki na lugha wala chakula. Lakini kila faida ina bei yake, na bei ya faida hii ni kwamba mgeni humwachia mtu mwingine haki ya kuchagua nini kitazamwe na nini kipitwe.

Katika Afrika ya Mashariki tunacho kitabu kimoja kinachofaa sana kwa kulichunguza jambo hili. Mwandishi wake ni Ham Mukasa wa Buganda. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, alialikwa Uingereza kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na Mukasa akafuatana naye akiwa katibu wake. Reli ya Uganda ilikuwa imefika ziwani mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo safari yao ya kwenda Mombasa ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kwenye njia ile ile ya Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Huenda babu wa babu yako alisimama kando ya reli akalitazama gari likipita, asijue kwamba ndani yake ameketi mtu atakayeandika kitabu.

Kutawazwa kulikuwa kumepangwa tarehe 26 Juni. Mfalme akaugua, akapasuliwa na waganga, na sherehe ikaahirishwa hata tarehe 9 Agosti. Wageni wakawa na majuma mengi ya kungoja, nao wakatembezwa. Kiongozi na mkalimani wao alikuwa Ernest Millar, mmisionari aliyekaa Uganda na kukijua Kiganda. Walionyeshwa mambo makuu ya taifa kubwa: makanisa yake, Bunge lake, viwanda vyake, majeshi yake. Mukasa aliyaandika yote kwa Kiganda. Mwaka 1904 kitabu kilitoka London kwa Kiingereza kikiitwa *Uganda's Katikiro in England*, na mwaka 1975 Taban lo Liyong alikitoa tena kwa ufupisho na kukipa jina *Sir Apolo Kagwa Discovers Britain*.

Tukiseme kwanza kwa wema, maana chastahili. Wema wake wa kwanza ni kwamba mwandishi hufuata siku zake moja baada ya nyingine, hata msomaji hujiona yu pamoja naye njiani. Wema wa pili ni kwamba hupima. Kila alipokutana na kitu kipya alikilinganisha na kitu ambacho Mganda alikijua nyumbani kwake, kwa kuwa aliwaandikia watu wa kwao, wala hakuwaandikia Waingereza. Huo ndio ufundi wa kwanza wa mwandishi wa safari. Kusema kwamba jengo ni kubwa mno si kusema kitu. Kusema kwamba ni refu kama mibuyu mitatu ya Kibwezi iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine ni kumpa msomaji macho. Wema wa tatu ni kwamba haoni haya kustaajabu. Waandishi wengi wachanga hujifanya kwamba hakuna lililowashangaza, na kwa kiburi hicho maandishi yao hukauka.

Sasa tuutazame upungufu wake. Jina kamili la kitabu chenyewe latangaza kwamba hiyo ni taarifa rasmi ya ziara ya Katikiro. Taarifa rasmi huandikwa na mtu mwenye shukrani kwa wenyeji wake na mwenye kuangalia wakubwa wake watasema nini. Tena fikiri juu ya Millar. Yeye ndiye aliyewaongoza, yeye ndiye aliyewafasiria maneno ya Waingereza, na yeye ndiye aliyekifasiri kitabu kwa Kiingereza tunachokisoma. Mtu mmoja alisimama katika milango mitatu. Sisemi kwamba alidanganya, wala sina sababu ya kumshuku. Nasema kwamba msomaji mwangalifu hawezi kuisahau milango hiyo hata ukurasa mmoja.

Je, kulikuwa na London nyingine ambayo wageni hawakupelekwa kukaa ndani yake? Ilikuwako, na katika kitabu cha Mukasa haikupata nafasi kubwa. Charles Booth, Mwingereza aliyeuchunguza mji huo nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha onyesha kwamba karibu watu 30 katika kila 100 wa London walikuwa maskini. Na katika majira yale yale ya 1902 alifika mgeni mwingine, kijana wa Kimarekani aliyeitwa Jack London. Jina lake na la mji kufanana ni bahati tu. Yeye alitaka kuiona sehemu ya mashariki ya mji, makao ya mafukara. Asimulia kwamba alikwenda katika ofisi ya Cook kuomba kiongozi wa kumpeleka huko, naye hakupata. Watu walioweza kumpeleka msafiri mpaka pembe za dunia hawakuwa na matembezi ya kwenda mwendo mfupi tu kutoka mlangoni mwao. Basi akanunua nguo kuukuu, akazivaa, akaenda peke yake kuishi kati ya maskini. Siku ya kutawazwa alikuwa barabarani katikati ya umati. Kitabu chake, *The People of the Abyss*, kilitoka mwaka 1903.

Tazama basi, msomaji. Mji mmoja, majira mamoja, sherehe moja, na vitabu viwili ambavyo mtu akivisoma bila majina angedhani vyaeleza nchi mbili. Kipi ni cha kweli?

Wengi watajibu upesi kwamba ni cha Jack London, kwa kuwa yeye alikataa kuongozwa. Nakusihi usifanye haraka. Yeye naye alikuwa na kiongozi, ijapokuwa hakuonekana. Kiongozi wake lilikuwa kusudi lake. Alikwenda kutafuta taabu, akaiona, na aghalabu mtu huona anachokitafuta. Tena taabu yake ilikuwa na mlango wa kutokea: alikuwa ameshona sarafu ya dhahabu ndani ya nguo yake, na alikuwa na chumba cha kujisitiri alipochoka. Maskini aliyelala kando yake hakuwa na sarafu hiyo. Hivyo wote wawili walisema kweli, na kila mmoja alisema kipande cha kweli. Mukasa alituonyesha mji jinsi ulivyotaka kuonekana. Jack London alituonyesha mji jinsi ulivyotaka kujificha. Anayetaka kuijua London ya 1902 na asome vyote viwili.

Sasa turudi nyumbani, maana kwenu pia palipata mgeni aliyeongozwa. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitoka pwani akaja Ukambani. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara, mtu aliyezijua njia za bara mpaka pwani. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake. Vitabu vingi vimeandika tangu hapo kwamba Krapf aliuvumbua Mlima Kenya. Lakini ninyi mnaokaa Kitui mwaweza kuuliza swali jepesi: yawezekanaje mtu kuvumbua kitu ambacho mwenyeji wake alikwisha mwambia kipo? Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, katika safari nyingine pamoja na Krapf. Hakuacha kitabu. Krapf aliacha, kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Ndiyo sababu tunalo neno la aliyeongozwa, na neno la kiongozi twalipata kwa kinywa cha mwenziwe tu.

Hata hivyo, msiache kisa hiki kiwafanye wenye shaka juu ya kila kitu. Huko London palikuwa na mwanachuoni, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika katika nchi hizi, na bado alishikilia kwamba habari za theluji karibu na ikweta ni ndoto za wamisionari. Alikuwa na elimu nyingi na vitabu vingi, akakosea. Krapf alikuwa na macho mawili na mwenyeji mmoja, akasema kweli. Mgeni aliyeonyeshwa kidogo amshinda asiyetoka nyumbani. Wazee walisema tembea uone, na kwa hili hawakukosea.

Basi tufanyeje tusomapo kitabu cha safari? Mimi naona yatosha kuuliza maswali matatu. Kwanza, nani alimwongoza mwandishi, na kiongozi huyo alikuwa na haja gani? Pili, mwandishi alikaa muda gani, na katika majira gani ya mwaka? Tatu, ni wapi katika kitabu ambapo jicho lake lilikiacha kidole cha kiongozi likatazama pembeni? Sehemu hizo za pembeni zishikeni sana, maana mara nyingi ndizo zilizo bora. Na kama hamna hata moja, jueni kwamba mmeshika tangazo la biashara lililojalidiwa.

Maswali hayo nimewapa kwa ajili ya vitabu vya wengine. Lakini liko jambo la nne linalowahusu ninyi wenyewe, nalo ni zito kuliko hayo. Siku moja basi la wageni litasimama kweli pale Nzambani, au mbele ya hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Pengine kiongozi wa siku hiyo atakuwa mmoja wenu. Mwaweza kuwapa jiwe na hadithi yake, wacheke waende. Au mwaweza kuwaomba washuke mpaka mtoni, wainame juu ya shimo lililofukuliwa mchangani, wangoje pamoja na mama mwenye kata mkononi mpaka maji yajae. Halafu jioni, wageni wakiisha ondoka, ketini mwandike wenyewe habari za mto huo. Kivoi hakuipata nafasi hiyo. Ninyi mnayo kalamu.