"Ufalme wa Mbinguni": Kiambishi Kimoja Kilichozidi

Mwanafunzi wa tafsiri akiulizwa maana ya ufalme wa mbinguni, mara nyingi hutaja mahali: huko juu waendako watu wema. Hatumlaumu. Kabla ya mhubiri, sarufi ya Kiswahili ndiyo iliyomfundisha hivyo.

Katika Kiebrania neno ni malkuth, kutokana na mzizi m-l-k wenye maana ya kutawala. Kitabu cha Esta huhesabu miaka ya mfalme Ahasuero kwa neno hilo, na hapo haliwezi kuwa nchi. Ni kutawala kwake. Kigiriki kina basileia. Neno hili huweza kutaja nchi, kama pale Ibilisi anapomwonyesha Yesu milki zote za ulimwengu (Mathayo 4:8). Lakini katika Luka 19:12 kabaila anasafiri mbali ili apate basileia, kisha arudi. Nchi ameiacha nyumbani; anachofuata ni kuidhinishwa kuwa mfalme. Wasikilizaji wa Palestina walizijua safari za namna hiyo. Herode alipewa cheo hicho na Seneti ya Roma mwaka 40 K.K. Mwanawe Arkelao alikifuata huko huko mwaka 4 K.K., akarudi na nusu ya nchi bila jina la mfalme.

Kiswahili nacho kina kiambishi u- chenye kazi mbili. Kuna utoto na uzee, ambazo ni hali. Kuna Unyamwezi, ambayo ni nchi. Ufalme umesimama katikati, ingawa wingi wake huelekea nchi, kama katika Falme za Kiarabu. Kufikia hapo watafsiri wa Union Version ya 1952 hawana kosa, kwani Kigiriki chenyewe kina utata huo.

Kosa, kwa maoni yetu, liko katika neno linalofuata. Mathayo ameandika ton ouranon, uhusika milikishi katika wingi, yaani "wa mbingu". Wataalamu wengi huona kwamba hiyo ni namna ya Kiyahudi ya kumtaja Mungu kwa heshima. Marko na Luka, wakisimulia mifano ile ile, huandika "wa Mungu". Watafsiri wetu wameongeza -ni ya mahali, na utata wote ukaangukia upande wa nchi. Ndipo ombi la kwamba ufalme huo uje linapomtatiza msomaji: nchi haiji, huendewa.

Je, tuseme utawala? Neno hilo siku hizi linanuka ofisi: idara ya utawala, gharama za utawala. Sisi tungeuacha ufalme mahali pake na kuiondoa -ni peke yake. Masikio ya waumini yatalalamika, na Biblia ya kanisani pengine haitabadilika. Darasani hatuhitaji ruhusa ya mtu. Mwalimu awape wanafunzi Mathayo 13:31 na Marko 4:30, mfano mmoja wa punje ya haradali, wazisome sambamba, kisha waeleze ile -ni imetoka wapi.