Msomaji Yuko Kitale, Takwimu Zinasema Nairobi

Ukifungua ukurasa wa takwimu ambao kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti humpa mteja ndani ya cPanel, mara nyingi utakuta programu mbili za siku nyingi: Webalizer, iliyoanza 1997, na AWStats, iliyofuata 2000. Zote mbili husoma faili moja, lile ambalo seva huongeza mstari kila inapoombwa kitu, kisha huligeuza kuwa michoro na majedwali: wageni wangapi, kutoka wapi, saa ngapi, kurasa zipi. Tuseme kuna agroveti ya Kitale yenye tawi Bungoma. Majedwali hayo yanaonekana kumjibu mwenye duka swali linalomkosesha usingizi: je, watu wa Bungoma wananisoma? Hoja yangu ni kwamba hayamjibu, wala hayataweza kumjibu hata yaboreshwe vipi, kwa sababu mahali alipo msomaji hapamo ndani ya faili lile. Mahali hapo panapatikana kwa njia nyingine, tena rahisi, na faili lenyewe lina ushahidi mzuri ambao wengi hawajawahi kuufungua.

Mstari mmoja wa faili hilo huonekana hivi, kwa anwani iliyotengwa kwa ajili ya mifano:

203.0.113.25 - - [12/Mar/2024:17:04:31 +0000] "GET /bei-mbegu.html HTTP/1.1" 200 18432

Baada ya hapo hufuata ukurasa alikotokea mgeni, kama unajulikana, na maelezo ya kivinjari chake. Basi. Hakuna jina, hakuna mji. Kuna anwani, saa, kitu kilichoombwa, namba 200 inayosema kilipatikana, na ukubwa wake kwa baiti. Kila kinachozidi hapo katika michoro ya rangi ni makisio ya programu.

Anza na saa. Alama ya +0000 ina maana kwamba seva inafuata saa ya Greenwich, na Kenya iko saa 3 mbele. Ombi lililoandikwa 17:04 lilitumwa saa mbili na dakika nne usiku. Asiyerekebisha ataona kilele saa kumi na moja jioni na kudhani wakulima wanaangalia bei ya mbegu kabla ya kuondoka mjini, kumbe wanaiangalia wakiwa nyumbani, duka limefungwa na simu ya duka haipokelewi. Seva ikiwa Marekani na inafuata saa za huko, tofauti inaweza kuwa saa 7 hadi 11. Kosa hili ni dogo kulirekebisha, lakini linaamua nani abaki na simu usiku wa Machi, wakati mashamba ya Trans Nzoia yanaandaliwa kupandwa mahindi.

Anwani ndiyo kiini cha tatizo. Simu ikiingia intaneti kwa bando, kwa kawaida haipewi anwani ya IPv4 ya peke yake inayoonekana nje. Anwani hizo ni haba, kwa hiyo kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Tangu 2012 kuna hata fungu zima, 100.64.0.0/10, lililotengwa rasmi kwa matumizi hayo ya ndani. Kinachoifikia seva ni anwani ya lango la kampuni, na hifadhidata za mahali huwa tayari kuiweka Nairobi. Hivyo mkulima wa Kiminini, mwalimu wa Kanduyi na mchuuzi wa soko la Chwele wanaweza kuandikwa kwa anwani moja. AWStats hutambua mgeni kwa anwani, kwa hiyo watatu hao wakawa mtu mmoja wa Nairobi. Wakati huohuo, simu moja ikizimwa data na kuwashwa tena yaweza kurudi na anwani nyingine, na mwenye simu akahesabiwa mara kadhaa ndani ya mwezi. Makosa haya mawili yanavutana pande tofauti, na hakuna sababu ya kuamini kwamba yanafutana.

Opera Mini, kivinjari kilichopendwa sana Kenya kwa kuokoa bando, huongeza umbali mwingine. Ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hubanwa huko, ndipo ufike kwenye simu. Seva ya tovuti inaiona Opera, na msomaji wa Kimilili anaweza kuorodheshwa katika nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Anwani halisi ya simu hutumwa kando katika kichwa cha ombi, lakini faili la kawaida halikiandiki kichwa hicho. Na makisio ya mahali yakishaandikwa kwa uhakika wa uongo, hugharimu watu. Mwaka 2016 ilibainika kwamba kampuni ya MaxMind, ambayo hifadhidata yake hutumiwa na programu nyingi, ilikuwa imezipa anwani zaidi ya milioni 600 za Marekani alama moja ya ramani kwa kuwa haikujua zilipo hasa. Alama hiyo iliangukia shamba moja la Kansas, na kwa miaka mingi polisi na watu wenye hasira waliwafuata huko wakazi wasio na hatia.

Kisha kuna idadi zenyewe. Safu ya maombi katika Webalizer, ambayo ndiyo kubwa na ndiyo hupendwa kunukuliwa, huhesabu kila faili: ukurasa wenye picha 20 ni maombi 21. Ni sawa na kuhesabu abiria wa matatu kwa kuhesabu mara ambazo mlango umefunguliwa. Roboti nazo ni nyingi. Ripoti ya Imperva ilikadiria kwamba 2023 karibu nusu ya shughuli zote za intaneti hazikufanywa na binadamu. AWStats huwatenga roboti wanaojitambulisha, kama Googlebot. Wanaojifanya Chrome hupita. Hata hivyo mistari yao huwaumbua: wanaomba ukurasa bila kuomba picha hata moja, au wanaomba wp-login.php katika tovuti isiyotumia WordPress kabisa.

Mtu atasema: sawa, namba si sahihi, lakini kosa likiwa lilelile kila mwezi, ongezeko linabaki kuwa ongezeko. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kosa lingetulia. Halitulii. Chrome ilikuwa na hali ya kuokoa data iliyopitisha baadhi ya kurasa kwenye seva za Google, ikaondolewa Machi 2022. Roboti wa kampuni za akili bandia, kama GPTBot iliyotangazwa Agosti 2023, waliongezeka kwa ghafla. Mchoro unaopanda unaweza kuwa umepandishwa huko mbali kabisa, wakati Bungoma hakuna kilichobadilika.

Pingamizi la pili ni kwamba Google Analytics imekwisha kumaliza tatizo. Imepunguza moja, la roboti wasiotekeleza skripti. Lakini skripti hiyo lazima itekelezwe na kivinjari cha msomaji, na penye mtandao dhaifu mtu anaweza kusoma bei na kufunga ukurasa kabla haijapakiwa, akawa hakuhesabiwa kabisa. Mji unaoonyeshwa nao bado unakisiwa kutokana na anwani ileile ya lango. Kuomba simu itaje mahali ilipo kwa GPS kungekuwa sahihi zaidi, ila kwa orodha ya bei ni kupita kiasi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mahali na vitambulisho vya mtandaoni kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, na mkulima anayeulizwa swali hilo kabla ya kuona bei ana haki ya kuondoka.

Njia ninayoitetea ni kuliweka swali la mahali katika njia anayoingilia mgeni. Bango la dukani Kitale liandikwe anwani inayoishia /kitale. Karatasi zinazogawiwa Chwele na tangazo la redio la Bungoma vitaje /bungoma. Kurasa zote mbili ziwe na bei zilezile, na kila moja iwe na kiungo cha ukurasa mdogo wa mawasiliano wa tawi lake. Ukurasa huo ni wa lazima, kwa sababu mtu akigusa namba ya simu kupiga, seva haijui lolote. Akifungua ukurasa wenye namba, mstari unabaki. Sasa safu ya vitu vilivyoombwa, ambayo haikisii chochote, ndiyo inayobeba jina la mji. Lango la Nairobi haliwezi kuibadilisha, wala Opera.

Faili lile lina zawadi nyingine. Mtu anapobandika kiungo katika kikundi cha WhatsApp, programu hiyo huuchungulia ukurasa ili kutengeneza kijipicha cha muhtasari, na huacha mstari wenye jina WhatsApp katika maelezo ya kivinjari. Mstari huo hautokani na wanaousoma ujumbe. Unatokana na anayeutuma. Mistari 9 ya aina hiyo kwa ukurasa mmoja ni takribani watu 9 walioona bei ikafaa kuwapelekea wenzao, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko wageni 900 wasiojulikana.

Atakayepinga kwamba kiungo cha Bungoma kinaweza kutumwa kwa shemeji aliye Kitale yuko sahihi. Kwa hiyo ukurasa wa /bungoma unapima tangazo la Bungoma limefika wapi, na muuzaji wa kila tawi bado anahitaji kumuuliza mnunuzi alikosikia habari na kuiandika kwenye risiti. Hesabu hizo mbili zikienda pamoja kwa msimu mzima, mwenye duka ana jambo la kuaminika. Zikiachana, amejua pa kuchunguza. Lakini lazima faili liwepo. Katika cPanel, chini ya Raw Access, kuna kisanduku cha kuagiza faili zihifadhiwe na kingine cha kufuta zile za mwezi uliopita. Cha kwanza kiwekewe alama na cha pili kiondolewe alama kabla mvua za Machi hazijaanza.