Besi Tatu Ekerenyo!

Tatu! Besi tatu! Niacheni nipumue kwanza.

Nimetoka uwanjani sasa hivi. Viatu vimejaa tope jekundu, masikio bado yanavuma, na chai niliyowekewa mezani imepoa bila kuguswa kwa sababu nikianza kunywa nitasahau kitu. Kwa miaka yote ambayo nimefuata ngoma za gwaride za Watafuta Njia huku Gusii, klabu ya kijijini huwa na besi moja. Moja tu, kubwa kama pipa, hubebwa na kijana mrefu kuliko wote, na kazi yake ni kusema du, du, du ili miguu isipotee. Leo Jumapili, saa nane na nusu, kwenye uwanja wa shule hapa Ekerenyo, nimekuta watoto watatu bega kwa bega, kila mmoja na besi yake kifuani: ndogo, ya kati, kubwa. Nikasimamisha bodaboda kabla hatujafika langoni. Nililipa bila kuulizia chenji.

Kwa asiyewajua, Watafuta Njia ni klabu ya Waadventista Wasabato kwa watoto wa miaka 10 hadi 15, na uongozi wa kanisa hilo duniani uliitambua rasmi mwaka 1950. Skafu ya njano shingoni, beji, mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, na gwaride. Usabato ulifika upande huu wa Kenya mwaka 1906, misheni ilipofunguliwa Gendia karibu na ziwa, kisha ikaja Nyanchwa pale Kisii mjini, na leo si rahisi kutembea mlima mmoja wa Gusii bila kukutana na skafu ya njano. Klabu zikikutana kambini hupimana kwa gwaride. Wazazi hutazama sare. Majaji hutazama miguu. Mimi hutazama mkono wa kushoto wa mtoto wa tatu kwenye safu ya ngoma ndogo za sinea, maana uongo wote wa safu ya ngoma hujificha hapo. Kiongozi huwa hodari daima, na wa pembeni wanajua wanaonekana. Wa tatu amefunikwa na wenzake. Akipiga safi, safu nzima ni safi.

Wa tatu wa leo ni mvulana mwembamba mwenye soksi zisizolingana. Alikuwa safi.

Hesabu ya vyombo basi: sinea tano, zile ngoma ndogo zenye nyuzi za chuma tumboni zinazotoa ule mchakacho wa mvua kwenye mabati; tena mbili, ngoma za sauti ya kati; matoazi jozi moja; na hizo besi tatu ambazo bado siamini. Hakuna chombo kinachofanana na mwenzake. Sinea moja ni nyekundu, nyingine ina rangi ya fedha iliyobanduka. Besi ya kati imebebwa kwa mkanda wa kiti cha gari, bizimu lake bado likining'inia. Mikwiro imechongwa na fundi wa hapa sokoni, na mazoezi ya katikati ya wiki hufanywa juu ya vipande vya tairi kuukuu ili majirani walale. Nimevijaribu vile vipande mwenyewe. Tairi halikusaidii kama ngozi nzuri inavyourudisha mkwiro. Kila pigo unalinyanyua mwenyewe. Mtoto aliyefundishwa na tairi akipewa ngoma halisi, mikono yake inaruka kama imefunguliwa pingu.

Sasa sikilizeni.

Mwendo wao ni hatua 120 kwa dakika, nusu sekunde kwa kila mguu. Kwa kawaida sinea zetu hugawanya hatua mara mbili, tena zikafuata, besi ikakanyaga, basi. Leo sinea zimeanza kugawanya hatua mara nne, mapigo manane kwa sekunde, mikono kumi ikisikika kama miwili. Nikamwona kiongozi, msichana wa miaka kama kumi na minne hivi mwenye filimbi mdomoni, akisogeza midomo. Nikasogea. Alikuwa anasema: o-bo-ka-no, o-bo-ka-no, o-bo-ka-no.

Obokano! Kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, kile kinachonguruma kama nyuki ndani ya mtungi! Silabi nne, hatua moja. Hakuna mtoto wa Gusii atakayekosea silabi za obokano, hata usiku, hata akiwa na homa. Nimesoma vitabu vya mazoezi ya ngoma; Wamarekani wana orodha ya mapigo 40 ya msingi iliyokubaliwa mwaka 1984, na mengine yana majina ya kuchekesha. Hakuna jina mle lililonifanya nipige goti langu kwa furaha kama hili.

Halafu besi zikaingia.

Mtoto wa besi ndogo akapiga mguu ulipogusa chini. Wa kati akapiga baada ya theluthi ya hatua. Wa kubwa akapiga baada ya theluthi mbili. Hatua inayofuata, tena. Chi, nsa, ga. Chi, nsa, ga. Mboga! Mboga ile chungu tunayochemsha kwa maziwa, imegawanywa kwa watoto watatu, silabi moja kila mmoja, juu ya obokano za sinea, tatu dhidi ya nne, na zote zinakutana tena mguu unapotua! Nilishika ua wa waya. Fikirini kazi ya yule wa kati na yule wa kubwa: tangu mwanzo hadi mwisho hawapigi hata mara moja wakati mguu wao unapokanyaga. Mwili wote unasema sasa, nao wanasubiri, wa kati sehemu ya sita ya sekunde, wa kubwa theluthi ya sekunde, wanapiga, wanakanyaga, wanasubiri. Watu wazima wanaojiita wapiga ngoma wameshindwa na jambo hilo. Wa kubwa ni msichana anayefika begani kwangu, na ngoma imemfunika hadi kidevuni, haoni hata anakokwenda. Anaongozwa na kiwiko cha mwenzake.

Walipopumzika nilimwendea kiongozi. Hapa wananiita mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki.

“Nani amewatungia hii?”

“Hakuna, mwalimu. Tuliona kwa simu ya mkurugenzi wa klabu wale wa Amerika. Wana besi tano, kila mtu anapiga kidogo kidogo. Sisi tukapata tatu.”

“Na chinsaga?”

Akacheka, akaangalia viatu vyake. “Nilikuwa nachambua mboga, mimi na nyanya yangu. Nikaona ni tatu.”

Wale wa Amerika ninawajua. Wamekula bando zangu nyingi. Mashindano yao makubwa ya ngoma na tarumbeta za gwaride, Drum Corps International, yalianza mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na siku hizi fainali huchezwa Agosti katika uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis. Ni mashindano ya vijana, na umri una kikomo. Kikosi kinachoongoza kwa ngoma hupewa tuzo ya Fred Sanford, mtunzi aliyewaandikia Santa Clara Vanguard. Mashabiki wa ngoma tupu, watu wa aina yangu, huacha viti walivyolipia wakaenda maegeshoni ambako vikosi hupashia mikono moto, wakasimama hatua mbili kutoka kwa besi. Kwa hiyo sijioni mwendawazimu ninapokwenda mazoezini na kukwepa siku ya sherehe yenyewe. Siku ya sherehe kuna hotuba.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Ekerenyo inawashinda, nami nitakisema bila aibu. Wapiga sinea wengi wa gwaride wa Marekani hushika mkwiro wa kushoto kiganja kikitazama juu, kijiti kimelala kati ya kidole gumba na cha shahada. Mtindo huo ulitokana na ngoma ya zamani ya vita iliyoning'inia kwa mkanda begani ikainama upande mmoja. Mkono wa kushoto haukuwa na njia nyingine ya kuifikia. Leo ngoma zao zimelala bapa juu ya fremu nyepesi za kisasa, na mshiko ule umebaki kuwa pambo. Hapa Ekerenyo ngoma bado inaning'inia begani, bado imeinama, inagonga paja kila hatua. Yule mvulana wa soksi zisizolingana anashika hivyo kwa sababu asiposhika hivyo haifikii. Nilipomwambia kwamba ng'ambo watu hulipa walimu ili wafundishwe mshiko wake, aliniangalia kama ninayeuza dawa ya kienyeji.

Karibu nami kwenye ua alisimama mong'ina mmoja, bibi mzee, na kikapu cha majani chai mgongoni, ametua kidogo kabla ya kwenda kupima. Nikamsalimu, nikamuuliza anaonaje. “Mbuya mono,” akasema, yaani vizuri sana, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. “Sisi tukibatizwa tuliambiwa tuache ngoma. Sasa wajukuu wanafundishwa ngoma na watu wa kanisa walewale.” Hakuwa analalamika, wala sikuweza kujua kama anafurahi. Ni kweli kwamba katika makanisa mengi ya Kisabato huku ukiingiza ngoma ndani ya ibada utaitisha kikao cha wazee kabla ya jua kutua. Nje, kwenye nyasi, kwa gwaride, ngoma ni nidhamu. Mlango wa kanisa ndio mpaka. Kama mshabiki ninaushukuru mpaka huo, maana umewaacha watoto na uwanja mzima wa kuchezea.

Na watu wa pwani wasitucheke kwamba tumechelewa. Najua, najua: beni ilikuwa inapambanisha mitaa ya Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, sare na ngoma na tarumbeta, upande huu ukikopa pesa kuuaibisha upande ule, baadaye vyama vya Marini na Arinoti vikagawana miji ya Tanganyika, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza wakaisambaza bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Damu ya ushindani wa gwaride tunayo muda mrefu. Lakini nionyesheni beni moja iliyowahi kugawanya mboga kwa watu watatu!

Kasoro? Zipo, na nitazitaja haraka maana zinaniuma. Matoazi yamepasuka ukingoni, yanasema chwaa pale yanapotakiwa kusema chiing. Tena mbili hazijapewa la maana. Zinarudia sinea kama kasuku, na watoto wanaozipiga wanastahili zaidi. Besi ya kati imekazwa mno, sauti yake iko karibu sana na ya ndogo, kwa hiyo ukisimama mbali chinsaga inasikika kama chi-chi-ga. Hakuna ufunguo wa kukazia skrubu. Walikuwa nao, duka lililowauzia ngoma likawapa wa saizi isiyoingia, na sasa wanakaza kwa koleo, robo mzunguko kila upande, mmoja anakaza na mwingine ametega sikio. Wiki ijayo nitawaletea ufunguo. Tayari nimempigia mtu simu Kisii.

Sasa kile kilichonimaliza.

Marudio ya tatu, wingu jeusi limekwishakaa juu ya kilima, obokano inachemka, chinsaga inazunguka, uwanja mzima unatetemeka, wachumaji chai wamejaa uani, na kiongozi anainua mkono. Kila kitu kinakatika. Kimya. Miguu tu: hatua nane, sekunde nne, viatu ishirini na viwili kwenye nyasi zenye maji, chwa, chwa, chwa, chwa. Hakuna anayehesabu kwa sauti. Nilimtazama yule msichana wa besi kubwa: midomo yake ilikuwa inatembea, chi-nsa-ga, chi-nsa-ga, bila sauti, na mkwiro umeganda hewani. Yeye peke yake ndiye anayefungua upya, na anafungua kwenye “ga”, theluthi mbili ya hatua ya nane, kabla ya wenzake wote, gizani kabisa! Hakuna mguu wa kumsaidia. Asipoipata, wote wanaangukia mahali pasipofaa mbele ya majaji.

Mara ya kwanza aliipata. Nywele zilinisimama.

Mara ya pili hakuipata. Alichelewa kidogo, sinea zikaingia kabla yake, besi ndogo ikapotea, na kitu chote kikabomoka kama kuni zilizofunguliwa kamba. Kiongozi akapuliza filimbi, akageuka, akatazama uani kwa jicho ambalo sitalisahau. Wachumaji chai wote nao wakageuka. Mvua ikaanza, watoto wakakimbiza ngoma chini ya baraza na kuzifunika magunia.

Basi mkija Jumapili ijayo, saa nane kamili kabla ya mvua, simameni upande wa besi, karibu na mti wa mparachichi. Na ngoma zikikatika, tafadhali hesabuni nane kabla ya kupiga makofi. Leo kuna mtu alihesabu tano, na yule msichana, nilipokwenda kumwomba radhi, alinijibu tu, “Si neno, mwalimu. Hata majaji watapiga.”