Sarufi ya Unyonge katika Maelezo ya Mafuriko ya Bujumbura

Maelezo ya Kiswahili kuhusu Bujumbura husifu machweo ya Ziwa Tanganyika nyuma ya milima ya Kongo. Yafikapo kwenye mafuriko, huyafanya maji kuwa nguvu isiyo na mshindani. Udhaifu wake umo katika vitenzi. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji ya vilimani yalipoua watu zaidi ya 60 kaskazini mwa jiji, nyumba za Kamenge na Kinama husemwa “zilibomoka”, na kingo “zilimomonyoka”. Kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi.

Unyonge huo una ukweli wake: mvua haiamriwi, na ziwa lenye kina cha takriban mita 1,470 hutoa maji kwa Mto Lukuga pekee. Lakini Mto Rusizi ulipofurika Gatumba mwaka 2020, ulikuta tambarare yake imejengwa. Kauli ya kutendwa huruhusu swali: imejengwa na nani, kwa idhini ya nani? Ripoti za maafa hazina budi kutenganisha kilichotokea na kilichotendwa, ili mshauri wa sera ajue pa kujihami na pa kuwajibisha.